Cheti cha Mwelimishaji wa Maisha ya Familia na Mipaka Inayotulinda

Wazee wetu, viongozi wa dini, akina mama na akina baba, wanafunzi wa vyuo, na nyinyi mliokuja hapa moja kwa moja kutoka zamu za usiku: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya cheti cha mwelimishaji wa maisha ya familia, ambacho wengi wenu mmekisikia kwa herufi zake nne, CFLE. Nimekubali kwa furaha, kwa sababu ninaowaona mbele yangu hawahitaji kuelezwa kwamba kazi hii ipo. Katika jamii yetu ya wazungumzaji wa Kiswahili hapa Minneapolis na St. Paul, Wakenya kwa Watanzania, ndugu zetu wa Kongo waliopitia kambini, na Wasomali waliokulia Nairobi na Mombasa, karibu kila msikiti na kila kanisa lina mtu wake wa namna hiyo. Ndiye anayepigiwa simu binti anapogoma kwenda shule, mume na mke wanapoacha kusemezana, au barua ya shule inapofika na nyumba nzima ikashindwa kuielewa. Hana cheo wala posho, na alfajiri ya siku ya pili anaingia kazini kama watu wengine.

Kwa watu hao nina neno moja, na yote nitakayoyasema yanalizunguka hilo. Kitafuteni cheti hiki, lakini msikitafute kwa ajili ya heshima, kwani heshima mnayo tayari. Kitafuteni kwa sababu kinamfundisha mtu kazi yake inaishia wapi. Wasaidizi tunao; tulichokosa ni wasaidizi wanaojua wakati wa kusema, "Mama, jambo hili limepita uwezo wangu, na nitakupeleka kwa anayeliweza."

Cheti chenyewe hutolewa na Baraza la Kitaifa la Mahusiano ya Familia, kwa kifupi NCFR, lililoanzishwa nchini Marekani mwaka 1938 na watu wa fani mbalimbali, akiwamo mwanasosholojia Ernest Burgess wa Chicago na rabi Sidney Goldstein. Napenda kukumbusha kwamba tangu mwanzo palikuwa na mwanasheria, msomi na kiongozi wa dini kwenye meza moja, kwa sababu wapo kati yetu wanaodhani kwamba elimu hii ni mradi wa watu wasioamini Mungu uliobuniwa ili kuvunja nyumba. Utoaji wa vyeti ulianza mwaka 1985, na makao makuu ya baraza hilo yamekuwa hapa hapa Minnesota kwa miaka mingi.

Ni muhimu kukielewa cheti hiki kwa kile ambacho sicho. Si leseni ya serikali. Hakimruhusu mtu kutibu ndoa. Tiba ya ndoa na familia ina wataalamu wake, wenye leseni na bodi yao ya jimbo. Hakimfanyi mtu kuwa afisa wa ustawi wa jamii. Vilevile hakichukui nafasi ya leseni ya ualimu inayotakiwa na jimbo letu kwa wanaofundisha wazazi katika madarasa ya malezi ya watoto wadogo, yale ambayo wilaya za elimu za Minnesota zimekuwa zikiyaendesha tangu miaka ya 1970. Mwenye cheti hiki ni mwalimu. Kazi yake ni kuifikia familia kabla maji hayajazidi unga, kuipa maarifa na stadi, na kuiacha ijiamulie mambo yake.

Mwombaji anatakiwa awe na ujuzi katika maeneo kumi. Sitayasoma yote moja baada ya jingine. Yamo ukuaji wa binadamu tangu tumboni hadi uzeeni, mahusiano baina ya watu, malezi, mienendo ya ndani ya familia, nafasi ya familia katika jamii, maadili ya kazi, na mbinu za kufundisha watu wazima. Hayo mtayasoma. Nitakaa zaidi kwenye matatu yaliyobaki, kwa kuwa ndiyo yanayotugusa hapa ugenini kuliko yote.

La kwanza ni matumizi ya rasilimali za familia, yaani fedha, muda na nguvu. Mtaala wa kawaida wa Marekani hufundisha bajeti ya baba, mama na watoto wao. Familia yetu haiishii mlangoni. Mshahara ukiingia Ijumaa, kuna karo ya mdogo wake bwana kule Kisii, dawa za mama mkwe Tanga, mchango wa msiba uliotangazwa juzi katika kundi la simu, na zamu ya mchezo kwenye chama. Mwelimishaji asiyeyajua hayo atamwambia mke kwamba mumewe anafuja mali, na mwelimishaji anayeyajua lakini hakusoma atamwambia mke avumilie. Aliyesoma huwaketisha wote wawili wakaandika mbele yake kila kinachotoka, cha nyumbani na cha kwao, kisha huwauliza swali ambalo pengine hawajawahi kuulizana: kiasi gani kinatumwa kwa makubaliano, na kiasi gani kinatumwa kwa siri? Nimeona jinsi swali hilo linavyonyamazisha ukumbi. Hakuna aliyelaumiwa, na hakuna aliyeambiwa aache kuwasaidia wazazi wake, lakini karatasi iko mezani na hesabu inaonekana.

La pili ni elimu ya jinsia na mwili. Hapa sisi hatukuanzia sifuri, na nasema hivyo kwa fahari. Pwani tulikuwa na somo na kungwi, waliomfunda mwari hatua kwa hatua. Bara walikuwapo shangazi na bibi, na kila mtoto alijua nani wa kuulizwa nini. Mfumo ule ulikuwa na mwalimu aliyeteuliwa, wakati maalumu, maudhui yaliyopangwa, na miiko juu ya nani asimwambie nani. Hayo yote ni mambo ambayo mtaala wa sasa unayasisitiza. Kilichotokea ni kwamba tulipanda ndege na kumwacha shangazi nyuma, na nafasi yake ikachukuliwa na simu iliyo mkononi mwa mtoto. Mama anadhani shule imeshamfundisha binti, shule inadhani ni kazi ya mama, na binti anajifunza kwa asiyemjua. Mwelimishaji aliyeandaliwa vyema anaweza kumrudisha mzazi kwenye kiti hicho, akampa maneno ya Kiswahili yenye staha ya kutaja viungo na mabadiliko ya mwili, akamweleza ni umri gani unafaa jambo gani, na akafanya hivyo bila kukanyaga imani ya nyumba hiyo.

La tatu ni sheria na sera zinazohusu familia. Nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo ushauri wa nia njema unapoweza kuigharimu familia watoto wake.

Katika jimbo hili, watu wanaofanya kazi za elimu, afya, ustawi wa jamii na ulezi wa watoto wanabanwa na sheria: wakijua au wakiwa na sababu ya kuamini kwamba mtoto anadhulumiwa au ametelekezwa, lazima watoe taarifa kwa mdomo ndani ya saa 24, kisha wafuatishe maandishi. Mwalimu wa shule hana hiari katika jambo hilo, hata kama anaipenda familia yako na amekula pilau nyumbani kwako Idi iliyopita. Wazazi wengi wetu hawajaambiwa hivyo na mtu anayezungumza lugha yao. Wanaposikia kwamba jirani "amenyang'anywa watoto," huona ni uadui, na hofu hiyo huwafanya waikimbie hata kliniki. Mwelimishaji akiieleza sheria mapema, kwa utulivu, kabla ya tukio lolote, anawapa wazazi nafasi ya kubadili mwenendo kwa hiari yao. Na wale wanaosema kwamba katazo la kiboko ni mambo ya Wazungu, nawakumbusha kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 29, inampa kila mtu haki ya kutopewa adhabu ya viboko. Nyumbani nako kumebadilika tangu tulipoondoka.

Sheria pia ina upande wa kutulinda, nao haufundishwi vya kutosha. Niwape picha moja. Mama ameketi kwenye kiti kidogo cha darasani, amevaa sare yake ya kazi, na mbele yake yupo mwalimu mwenye karatasi ya maendeleo. Katikati yao yupo mtoto wa darasa la tano, ndiye mkalimani. Mwalimu anasema kwamba mtoto huyo hakuleta kazi za nyumbani kwa wiki nne. Mtoto anamgeukia mama yake na kusema, "Anasema ninajitahidi." Mama anatabasamu na kumshukuru mwalimu, naye mwalimu anashangaa ni mzazi wa namna gani anayetabasamu. Madhara hayaishii kwenye kazi za nyumbani. Mtoto aliyeshika mamlaka ya maneno ya watu wazima atayashika na mengine, na akifika kidato cha kwanza mama atajikuta anaomba ruhusa katika nyumba yake mwenyewe. Ilhali Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 imefasiriwa kuzitaka shule zinazopokea fedha za serikali kuu kuwasiliana na wazazi kwa lugha wanayoielewa, na mkalimani halipwi na mzazi. Sentensi moja iliyofundishwa ukumbini, "Naomba mkalimani wa Kiswahili," ingemrudishia mama huyo kiti chake.

Sasa nirudi kwenye mipaka. Mwaka 1995 Profesa William Doherty wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliandika makala iliyoeleza ngazi tano za kuhusika na familia. Ngazi ya kwanza, mtaalamu anaigusa familia kwa juu juu tu. Ya pili, anatoa taarifa na ushauri. Ya tatu, anaruhusu hisia zisemwe na anatoa faraja. Ya nne, mwenye mafunzo ya ziada anaingilia tatizo mahususi kwa muda mfupi. Ya tano ni tiba ya familia, na hiyo si kazi ya mwelimishaji. Hoja yake ni kwamba mwelimishaji wa familia kwa kawaida anatakiwa aimudu ngazi ya tatu: asiishie kugawa vipeperushi kama vile watu hawana moyo, wala asijitumbukize kufukua majeraha asiyojua kuyafunga.

Fikirini kikao cha jioni katika ukumbi wa chini wa jengo la kupanga. Mada ni usingizi wa watoto. Mama mmoja anauliza kuhusu mtoto anayelia usiku, na katika kueleza anaanza kusema kwamba mtoto hulia baba anaporudi, kwamba baba akirudi huvunja vitu, kwamba wiki iliyopita... Ukumbi umekaa kimya, watu ishirini wanasikiliza, na wawili kati yao ni jamaa wa mume. Mtu mwema asiyefundishwa atamwachia aendelee, kwa huruma, na kesho habari zitakuwa zimefika Nairobi na kurudi. Au atasimama pale pale na kuanza kumshauri aondoke, au asiondoke. Mwelimishaji aliyefundishwa humkatiza kwa upole na heshima, akamwambia, "Dada, nakushukuru kwa kutuamini, jambo hili ni zito na linastahili faragha, mimi na wewe tutaketi mara tukimaliza," kisha akairudisha mada. Baadaye anaketi naye, anamuuliza kama yuko salama usiku huo, anampa namba ya wanaoshughulikia unyanyasaji majumbani, na dada huyo akitaka, anawapigia simu mbele yake. Hamwamulii. Hamwendei mume kumkabili. Ni kama mkunga wa kijijini mwenye busara: umahiri wake unajulikana zaidi usiku ule anapoamua kumkimbiza mzazi hospitali.

Ustadi huo hautokani na moyo mzuri peke yake. Unajengwa kwa kusoma, kwa kufanya mazoezi mbele ya msimamizi, na kwa kufungwa na miiko ya kazi. Wenye cheti hiki hukubali kufuata maadili yanayowataka watunze siri, waheshimu tofauti za imani na tamaduni, watambue kikomo cha ujuzi wao na wawaelekeze watu kwa wengine inapobidi. Kwa jamii ndogo kama yetu, ambamo mwelimishaji, mteja, mkwe wa mteja na mweka hazina wa chama hukutana kwenye harusi moja, suala la siri peke yake linatosha kuhalalisha gharama zote za masomo.

Kuhusu njia ya kukipata, nitaeleza kwa ufupi. Sharti la msingi ni shahada ya kwanza. Anayesoma katika chuo ambacho mtaala wake umeidhinishwa na baraza anaweza kuomba kwa kuonyesha kwamba amefaulu masomo yanayotakiwa. Hapa St. Paul, Chuo Kikuu cha Concordia kimekuwa kikifundisha elimu ya maisha ya familia, hata kwa mtandao, jambo linalowafaa wanaofanya kazi usiku. Kwa waliosoma fani nyingine au nchi nyingine, njia imekuwa mtihani. Zamani mwombaji alikusanya jalada kubwa la ushahidi. Mwaka 2007 mtihani wa maswali ya kuchagua jibu, 150 kwa jumla, ulichukua nafasi hiyo, nao hugusa maeneo yote kumi. Masharti hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo kabla ya kulipa ada yoyote someni mwongozo wa mwaka huo kutoka kwa baraza lenyewe, wala msitegemee maneno ya mtu, pamoja na mimi.

Walio na shahada kutoka Kenyatta, Makerere, Dar es Salaam au Lubumbashi wasikate tamaa. Shahada zenu ni shahada. Kinachohitajika ni kuitathmini kupitia taasisi inayotambulika ya kulinganisha vyeti vya nje, na hilo huchukua muda kwa sababu chuo chako kinatakiwa kutuma matokeo chenyewe. Anzeni na hilo kabla ya jambo lingine lolote. Nimeshuhudia watu hodari wakisubiri kwa muda mrefu bahasha iliyokwama kwenye ofisi ya msajili.

Cheti kina ngazi mbili. Anayeanza hupewa cha muda, kisha ana hadi miaka mitano ya kukusanya uzoefu ili apate kamili. Saa zinazohitajika hutegemea masomo: mwenye shahada ya kwanza ya mambo ya familia huonyesha saa 3,200 za kazi ya uelimishaji, mwenye shahada ya juu katika fani hiyo 1,600, na mwenye shahada ya fani nyingine 4,800. Hizi ni saa nyingi, na hapa ndipo watu wetu hupoteza haki yao. Mnaendesha madarasa ya wanandoa wapya, semina za vijana na vikao vya akina mama, lakini hamuandiki. Kuanzia wiki hii wekeni daftari: tarehe, mada, muda, idadi ya waliohudhuria, na nani aliyesimamia. Waulizeni baraza mapema ni zipi kati ya kazi zenu za kujitolea zitakazokubaliwa, na mpate jibu kwa maandishi. Ukishapata cheti, kila baada ya miaka mitano utakihuisha kwa kuonyesha saa 100 za kujiendeleza.

Najua swali ambalo mzee mmoja ameshaniuliza pale mlangoni: je, makaratasi haya hayatawasukuma kando wale waliozisuluhisha nyumba zetu kwa busara tu? Nimelichukua swali hilo kwa uzito. Msimamo wangu ni kwamba mwenye cheti asiyefanya kazi na wazee hafai kitu katika jamii hii. Bibi asiye na shahada anajua mambo ambayo mtihani hautayauliza kamwe: jinsi ya kumfikishia baba mkwe ujumbe bila kumvunjia hadhi, ni nani atangulie kuingia nyumba yenye ugomvi, lini kimya ni jibu. Aketi mbele ya darasa pamoja na mwenye cheti, na alipwe pale panapokuwa na fedha ya kulipa. Mwenye cheti ana nafasi moja ambayo bibi hanayo: anaweza kuingia kwenye ofisi ya kaunti, kliniki au wilaya ya elimu, akaelezea programu kwa lugha inayotambulika pale, na akasikilizwa. Hiyo si haki kwa bibi, nami nasema wazi kwamba inaniuma. Lakini wakati tunapigania ofisi hizo zibadilike, familia zinahitaji mtu aliyeko ndani.

Wala sitawadanganya kuhusu kipato. Cheti hiki hakimwajiri mtu, na nafasi nyingi za uelimishaji wa familia katika mashirika na shule hazilipi kama uuguzi, ambao umewajengea wengi wetu nyumba hapa na kwetu. Kuna atakayekitumia pamoja na kazi nyingine: muuguzi anayefundisha wazazi wapya wodini, mchungaji anayeandaa wachumba, mwalimu wa madrasa anayekutana na wazazi kila wikendi. Kwa hao, nadhani faida ni kubwa kuliko kwa anayetafuta ajira mpya, kwa sababu familia tayari ziko mbele yao na zinawaamini.

Wanaotaka kuanza, tumeomba chumba cha pili hapa kwa ajili ya kujisomea, Jumamosi alasiri, watoto wakiangaliwa katika chumba cha jirani. Tutaanza na eneo la sheria na sera, kwa kuwa ndilo linalowapa shida zaidi waliosoma nje ya Marekani, kisha maadili ya kazi, kisha mengine kadiri kikundi kitakavyoona. Njooni na nakala za matokeo yenu ya chuo, hata kama ni za zamani na zimechakaa, ili tujue nani anahitaji tathmini ya cheti na nani anaweza kujiandikisha mara moja. Wasio na shahada waje pia, hasa wale ambao tayari wanaongoza vikao, kwani tunataka kuandika mtaala wetu wa Kiswahili wa malezi, na hautaandikika bila wao. Karatasi ya kuandika majina iko kwa dada aliye karibu na mlango, naye ataanza na waliotoka kazini ili wakapumzike.